Jiwe Lililozikwa Jumapili

Florence Athieno alilivingirisha jiwe lile peke yake kutoka kijitoni hadi mwisho wa shamba lake, Jumapili asubuhi, majirani zake wa Sikuda wakiwa kanisani. Lilikuwa na uzito wa nusu gunia. Alilizungushia waya mara mbili, akachimba shimo la kina cha mkono mzima, akalizika. Ncha ya waya iliyobaki juu ya ardhi aliifunga kwenye nguzo ya mwisho ya mizabibu yake, akaikaza kwa kijiti, akaenda kunawa.

Jumatano shemeji yake alimpa muda. Jiwe liondoke kabla ya Jumamosi saa sita mchana, la sivyo angekata waya zote kwa panga.

Waya hizo zikikatwa, safu nzima inalala chini: mizabibu thelathini na miwili, ikiwa na matunda yake ya kwanza, wiki mbili kabla ya kuvunwa.

Athieno ana miaka arobaini na minne. Ni mzaliwa wa Mwello, aliolewa Sikuda kwa Olupot, aliyefariki miaka mitatu iliyopita. Vipandikizi vya zabibu alipewa na masista wa Tororo aliokuwa akiwalimia. Nguzo ni mikaratusi, na miguu yake aliilowesha katika oili chafu ya gereji za Busia ili mchwa wasiiguse. Alipozisimamisha na kupitisha waya tatu, watu waliopita njiani waliuliza ni ukoo gani mkubwa hivyo unaotaka kuanika nguo.

Waya za namna hiyo hazishikiliwi na nguzo za katikati. Nguvu yote huishia kwenye nguzo mbili za mwisho, na kadiri matunda yanavyonenepa ndivyo nguzo hizo zinavyovutwa ndani. Baada ya mvua za Mei, ya mashariki ilianza kuinama. Odoi, fundi wa nyua kutoka Nagongera, aliitazama kwa jicho moja.

"Mama, hii inasujudu," alisema. "Ipe nanga kwa nyuma, jiwe zito chini ya udongo, la sivyo itakuangukia."

Nyuma ya nguzo hiyo, hatua mbili, ni muhogo wa Omaido, mdogo wa Olupot. Ndugu hao wawili hawakuwahi kuweka alama kati yao. Olupot alikuwa akifika mahali fulani na plau, anageuza ng'ombe, na hapo ndipo shamba lake lilipoishia. Athieno alipajua mahali hapo. Jiwe lilikuwa limepita hatua moja.

Katika ukoo wa Olupot, jiwe halizikwi pembeni mwa shamba na mtu mmoja. Watu wa pande mbili husimama wakiona, na kuku huchinjwa. Athieno ameishi nao miaka kumi na tisa na anajua hivyo. Siku ile aliwaza waya tu.

"Yoga, shemeji," Omaido alisalimu Jumatano, akiwa amesimama katikati ya muhogo.

"Yoga noi. Karibu ndani."

"Sikaribii. Nakuja kuuliza kitu moja. Hii jiwe, nani aliona ukizika?"

"Hakuna mtu. Ni nanga ya waya."

"Nanga iko ziwani. Hapa wewe umengoja watu waende kusali, ukaingia kwa muhogo yangu kama kicheche."

"Shemeji, nikitaka kuiba shamba, nitaiba na jiwe moja?"

"Mpaka inaanza na jiwe moja. Mimi nitakufa, wewe utakufa. Mtoto wako Okiror atalikuta hapo, atasema baba aliliweka. Nani atambishia?"

Jioni ile Athieno alimwita Odoi. Jambo alilosema Omaido lilikuwa kweli.

Odoi alikuja Ijumaa na bodaboda, koleo mfukoni. Kurudisha nanga ndani ya shamba kulimaanisha kurudisha nguzo pia, hatua mbili, na mzabibu wa thelathini na mbili ungebaki nje ya waya, pale pale nanga inapotakiwa kuzikwa. Ndio uliozaa kuliko yote. Athieno alihesabu vichala kumi na tisa. Aliukata mwenyewe, akaung'oa mizizi, na shimo lake likawa shimo la nanga. Jiwe lingine la ukubwa ule halikupatikana kijitoni, hivyo ilibidi kuhamisha lile lile.

Jumamosi saa tano na nusu, nguzo mpya ilikuwa imesimama, ikizuiwa na mwega wa mti kwa upande wa ndani. Odoi alihamisha waya ya juu, kisha ya kati. Omaido alikuwa amekwisha kufika. Alisimama kwenye muhogo, panga mkononi, akitazama jua.

Odoi alipokata waya ya tatu kutoka nguzo ya zamani, mwega uliteleza kwenye tope. Nguzo mpya ililalama na kuinama. Safu yote ilishuka kiasi cha kiganja, na vichala vikatikisika hadi mwisho wa shamba. Athieno aliingia chini ya waya, akaweka bega kwenye nguzo, akachimbia visigino ardhini.

"Fukua jiwe!" alisema.

Odoi alifukua. Jiwe lilifika ukingoni mwa shimo, likakwama. Alisukuma mara mbili, likarudi mahali pake. Miguu ya Athieno ilianza kuteleza.

"Mzee," Odoi alimwambia Omaido, akihema, "si ulisema jiwe litoke? Basi shika huko."

"Mimi si kibarua yako."

"Basi lilale kwako. Mimi narudi Nagongera."

Omaido alichomeka panga ardhini. Walisukuma pamoja, jiwe likapanda, likatoka, likabingirika juu ya majani ya muhogo. Baada ya hatua moja Omaido aliacha kusukuma, akanyoosha mgongo.

"Mimi naishia hapa," alisema. "Hapa ndipo Olupot aligeuza ng'ombe."

"Odoi, umesikia?" Athieno aliuliza kutoka chini ya waya.

"Nimesikia. Mzee amesema hapa."

Omaido alitazama miguu yake, kisha akamtazama shemeji yake.

Hatua mbili zilizobaki Odoi alizimaliza peke yake, akisukuma kwa mgongo. Jiwe lilitumbukia katika shimo la mzabibu. Alifunga waya, akapitisha kijiti, akazungusha hadi waya ikalia. "Toka polepole, mama," alisema. Athieno alitoa bega. Nguzo ilisogea kama upana wa kidole, ikatulia. Vichala vilibaki juu.

Vile kumi na tisa vya mzabibu uliong'olewa vilikuwa kwenye beseni. Omaido alichukua zabibu moja, akatafuna, akakunja uso.

"Chachu."

"Ngoja wiki mbili," Athieno alisema. "Jumamosi ijayo ulete watu wako, na mimi nilete wangu. Tuweke jiwe lingine hapo uliposimama. Utakuja na kuku."

"Kuku ni yako. Wewe ndiyo ulianza."

"Nusu nusu, shemeji."

"Nani anachinja nusu kuku?" Omaido aliuliza, akang'oa panga yake na kuondoka na beseni.