Tulipanda ndege na GPS ya gari kwenda kumzika mama

Wakuu, amani iwe kwenu.

Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara nyingi. Leo nauacha hivyo hivyo. Ninachosimulia ndicho kilichotokea, chumvi sijaongeza, maana machungu yake yanatosha. Kuna mahali mtacheka. Msione aibu, hata sisi tulicheka.

Mimi ni Mkongo wa Lubumbashi. Kazi yangu ni declarant pale Kasumbalesa, yaani natoa mizigo ya watu forodhani. Kiswahili mnachokisoma hapa nimekinyoosha kwa madereva wa malori wanaotokea Tunduma, ambao hunicheka kila nikisema "bantu" badala ya watu. Nikiteleza mnivumilie.

Twende kwenye mada.

Mama yangu alikuwa mtu wa kaskazini, upande wa Mitwaba, kijiji kinaitwa Kalumba. Baba alikuwa mfanyakazi wa reli. Alipofariki, mama akakataa kuzeekea mjini. Akarudi kwao, akalima mihogo yake, akaimba kwaya kanisani, na sisi watoto tukabaki kumpigia simu isiyopatikana.

Kule network inapatikana juu ya kilima tu. Asubuhi moja ya mwezi wa kumi nikiwa navaa viatu niende kazini, nikaona namba ya Jérôme, mtoto wa mama mdogo. Nikajua kabla sijapokea.

"Yaya, kaza roho," akaniambia. Kwetu yaya ni kaka mkubwa. "Mama ametutoka."

Nilikaa kwenye kitanda na kiatu kimoja mguuni. Mke wangu akachukua simu, akaendelea kuongea yeye.

Sasa wakuu, naomba mnielewe hapa, maana ndipo kisa chote kilipo.

Kwetu mtoto wa kwanza ndiye anayetupa udongo wa kwanza kaburini. Sio sheria ya kanisa wala ya serikali, ni yetu. Mkono wa kifungua mimba unatangulia, wengine wanafuata. Wazee wanasema aliyemfanya mwanamke aitwe mama ndiye anayemfungulia njia. Mimi ndiye kifungua mimba wa mama yangu. Tuko sita, na hakuna mwingine anayeweza kuniazima mkono huo.

Na Kalumba hakuna morgue, yaani mochwari. Mwezi wa kumi kwetu ni joto la kukausha mate, mvua bado haijaanza, maiti haisubiri. Jérôme alisema wazi: "Tutakungoya paka jua ianze kushuka. Kupita pale hatutaweza, yaya." Yaani watanisubiri mpaka jua lianze kushuka, basi.

Kwa gari ni siku mbili, tena kama Mungu amependa na daraja lipo.

Ndipo mke wangu akampigia mdogo wake.

Shemeji yangu huyu anaitwa Delphin. Ni rubani wa ndege ndogo ya injini moja, zile ambazo ukikaa mbele goti lako linagusana na goti la rubani. Anamfanyia kazi mtu mmoja anayesafirisha dawa na vifaa huko porini. Siku hiyo hiyo alikuwa na maboksi ya dawa ya kupeleka Mitwaba. Akaongea na bosi wake, bosi akakubali: anishushe kwanza Kalumba, ambako mapadri walisafisha uwanja mdogo wa majani, kisha aendelee na dawa zake.

Nilimshukuru Mungu kwa kuoa kwenye ukoo ule.

Tulipofika uwanjani Delphin akaniambia kuna tatizo dogo. GPS ya ndege ilikuwa imekufa, skrini nyeusi, imepelekwa kwa fundi. Mitwaba anaijua kwa macho, amekwenda mara nyingi. Ila Kalumba alitua mara moja tu, na alama yake ilikuwa imehifadhiwa ndani ya ile GPS iliyokufa.

Nikamuuliza, "Sasa, beau?" Sisi shemeji tunaitana hivyo, beau.

Akaenda kwenye gari lake. Akarudi na GPS ya gari mkononi, ile ya kubandika kwenye kioo, huku analamba kile kimpira chake ili kishike vizuri.

"Vié," akaniambia, ndivyo anavyoniita kwa heshima, "satellite ni zile zile. Angalia, Kalumba njo hii."

"Njo" yetu ni "ndiyo" yenu. Alikuwa ameshaandika jina, na kweli limetokea. Kalumba, kidoti kidogo karibu na mto. Nilifurahi kuliona jina la kwa mama yangu kwenye mashine ya kizungu. Kijiji hakina hata bomba la maji, lakini satellite inakijua!

Najua wajuaji wa aviation wanakunja mikono ya shati. Rubani gani huyo? Ramani ya karatasi je? Alikuwa nayo, wakuu. Kalumba haimo. Vijiji vya kwetu ni vidogo na ramani ile ni ya watu wakubwa. Na marubani wa porini wanaotumia vifaa vya gari wako wengi tu, muulizeni yeyote akiwa na bia mkononi.

Tukaruka.

Tulipita juu ya Kinsevere, shimo la mgodi limefunguka chini yetu na malori yanazunguka ndani kama siafu. Mara ile GPS ikaanza kuongea. Sauti ya dada mmoja wa Kifaransa, mpole sana: geuza gari pale utakapoweza. Kidogo tena: pinda kulia. Kulia kulikuwa na hewa.

Delphin akamjibu, "Mama, niko juu, nitapindia wapi?"

Tulicheka, wakuu. Nilicheka mpaka machozi yakatoka, halafu machozi yakakataa kukoma na kicheko kikaisha. Delphin akazima sauti ya yule dada, akaniwekea mkono begani, akaendelea kuendesha na mkono mmoja.

Baada ya hapo moshi ukaanza.

Msimu ule watu wanachoma pori, wengine kwa ajili ya mashamba, wengine kuwinda panya. Kila kilima kina moto wake. Kutoka juu huoni chini, unaona kitu cha rangi ya chai ya maziwa. Delphin akashuka kidogo, hamna. Akapanda, hamna. Akaniambia tusiogope, mshale wa GPS unakwenda sawasawa.

Na ulikuwa unakwenda kweli. Kidoti cha Kalumba kiko mbele, mshale unakisogelea. Mimi nikawa naangalia mshale na jua, jua na mshale. Jua lilikuwa jekundu kwa moshi lakini bado liko juu. Nikajisemea tunawahi. Nikaanza kufuta vumbi kwenye viatu vyangu, nisimtie mama aibu mbele ya watu.

Mshale ukafika kwenye kidoti. Delphin akashuka mpaka tukatoboa moshi.

Chini kulikuwa na mto, vichuguu na miti. Bati hakuna, nyasi za paa hakuna, uwanja hakuna. Akazunguka. Akapanua mzunguko.

"Vié, huku njo kwenu?"

"Hapana."

"Mashini inasema njo hapa."

Ndipo nikaona michikichi. Imesimama kwa mstari, mtu aliipanda kwa mkono wake, lakini pembeni yake hakuna hata ukuta uliobomoka. Msitu mtupu ungenitisha kidogo kuliko ile michikichi.

Delphin akaangalia mafuta. Akasema hatuwezi kuzunguka hivi, tuende Mitwaba tukaulize.

Pale Mitwaba alikuja muuguzi kupokea dawa. Hata hajashika boksi la kwanza, nikamuuliza Kalumba iko wapi. Akaniangalia.

"Kalumba gani? Ya zamani ao ya sasa?"

Nikasema sijui kama ziko mbili.

"Ziko mbili. Ile ya ku mto, mulopwe alikufiaka kule, ni zamani sana. Bantu bakahama, bakaenda na jina. Kule kulibakia paka makaburi na ngazi." Ngazi ni hiyo michikichi.

Mulopwe ni mfalme, ni chifu. Na ndivyo desturi ilivyokuwa kwetu: kijiji kinabeba jina la chifu, chifu akifa watu wanahama, hawalali tena pale alipolala yeye. Wanabeba vyungu, wanabeba jina, wanaliweka mahali pengine. Walioitengeneza ile mashine walikopi karatasi ya zamani, na karatasi haikuhama. Mimi nimezaliwa Lubumbashi. Kalumba niliyoijua ni hii ya sasa, na siku zote nilifika kwa gari, vumbi machoni. Juu ya ramani sikuwahi kuitafuta, mtu anatafutaje kwao kwenye ramani?

Delphin akamuuliza, hiyo ya sasa iko upande gani.

Muuguzi akanyoosha mkono kule tulikotoka. "Mumeipita."

Tulirudi tukiruka chini kabisa, chini ya moshi, tunafuata barabara kwa macho kama watu wa baiskeli. Jua lilikuwa limeshaanza kushuka, nililiona vizuri kuliko nilivyotaka.

Uwanja tukauona. Mbuzi wawili wakakimbia, tukatua.

Mahali pote nilipowahi kusikia habari za ndege ndogo, watoto hukimbia kuipokea. Pale hakukimbia mtu. Tulishuka, tukasimama. Halafu Jérôme akatokea kwenye njia, anakuja polepole, jembe begani, miguu myekundu kwa udongo mbichi mpaka kwenye magoti.

Aliponiona akaliweka jembe chini.

Nilikimbia, mtu mzima na kitambi changu. Kaburi lilikuwa limeshafungwa na kupigwapigwa vizuri, msalaba wa mti umesimama. Wanawake wachache walibaki. Mama mdogo Astrida, mdogo wake mama, alikuwa amekaa chini na miguu ameinyoosha.

Hakulia. Alinishika mkono akanikalisha kando yake, akanieleza taratibu.

"Tulikusikia, mwana yangu. Sanduku ilikuwa ku mulomo ya shimo. Catéchiste alishamaliza kusali. Njo tukasikia ndege. Mi nikapandisha mukono, nikasema: muache kwanza, mutoto yake njo huyu. Bantu bote bakaangalia juu. Moshi tu. Ile sauti ikapita juu yetu, ikaenda, ikaenda, paka tukaanza kusikia inzi. Tukangoya tena. Banaume bakasema jua inashuka. Njo mi nikatupa udongo pa fasi yako."

Halafu akaniuliza, na kwetu "juu ya nini" ni "kwa nini":

"Juu ya nini mulitupita?"

Nilichota udongo, nikauweka juu ya udongo mwingine. Haukuwa na maana yoyote. Nililia nikiwa nimepiga magoti mpaka Jérôme akaja kuninyanyua kwa kwapa.

Delphin tulimkuta amekaa chini ya bawa la ndege, kichwa kwenye magoti. Kwapani kwa shati lake kulikuwa na jasho mpaka kiunoni. Nilimwambia sio kosa lake. Siku nyingi namaanisha hivyo. Ziko siku chache ambazo simaanishi, na nadhani anazijua, maana Jumapili haji tena kula kwetu. Dada yake anampigia, anasema ana safari. Kwa hiyo mke wangu naye amepoteza mtu, bila msiba, bila kilio.

Fundisho nililopata ni moja. Mashine inaweza kujua jina la kwenu na isijue kwenu. Kabla ya kuifuata, muulize mtu ambaye huwa analala huko. Mimi niliyeongea na Jérôme kwenye simu asubuhi ile nikimuuliza nani ananunua sanduku, ningeweza kumuuliza mko upande gani wa mto. Lakini ni nani anauliza swali kama hilo akiwa amefiwa?

Na nyie marubani mlioko humu, sitaki kuwagombeza. Chombo cha gari kina barabara na majina ya vijiji, viwanja vya majani hakivijui. Hilo mnalielewa kuliko mimi.

Sasa niwaambie kwa nini naandika leo.

Mama mdogo Astrida yuko nyumbani kwangu hapa Lubumbashi, amekuja kutibiwa macho. Anakaa barazani na wajukuu, anawafundisha kuchambua sombe, yaani kisamvu. Uwanja wa ndege wa Luano hauko mbali na sisi, na kila ndege inapopita anaacha kuchambua, anainua uso ingawa haoni vizuri.

Nimemweleza yote. Satellite, ramani ya zamani, mulopwe aliyekufa, moshi. Ananisikiliza mpaka mwisho, hanikatizi hata mara moja. Halafu anasema, "Lakini tulikusikia." Na anauliza tena, bila hasira, kama mtu anayeuliza bei ya unga: juu ya nini mulitupita?

Wakuu, mwenye maneno ya kumjibu ayaandike hapa chini. Yawe mepesi, ya mama mzee kuelewa. Nitamsomea.