Mama Panya na Unga wa Ujana

Mnaniudhi. Mkiona neno "utafiti" kwenye kopo, akili mnaiweka pembeni kama mwavuli wakati wa kiangazi. Utafiti gani? Kwa nani? Hamuulizi. Haya, kaeni niwape habari za mwanamke mmoja. Angeulizwa swali moja tu la ziada, dada yake asingefika pale alipofika.

Mtaani wanamwita Mama Panya, na wala haoni haya. Huu ni mwaka wake wa ishirini na mbili akihudumia panya wa maabara. Asubuhi anavua viatu vya njiani, anavaa gambuti, anamwaga maranda machafu, anaweka mapya. Anamshika panya shina la mkia, anamweka kwenye bakuli la plastiki juu ya mizani, anaandika uzito. Kila kizimba kina kadi: tarehe ya kuzaliwa, na chini yake nafasi tupu. Panya akifa, yeye ndiye anayemtoa, na yeye ndiye anayeijaza ile nafasi.

Mwaka juzi waliletwa panya wazee. Nusu waliwekewa kwenye maji unga unaosemekana kurudisha ujana, nusu wakanywa maji matupu. Baada ya miezi mitatu, wale wa unga wakaanza kupanda gurudumu na kukimbia mpaka vyuma vinalia.

Jumapili akapita saluni kwa dada yake, kama kawaida. Dada ana sitini na tatu, amemzidi miaka tisa, na ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Ana viti vitatu, draya moja, na wateja walioanza kukimbilia kwa mabinti wa mtaa wa pili.

"Mama Panya, wiki hii umezika wangapi?" mteja mmoja mwenye rola akamchokoza.

"Cheka tu, shoga. Kuna vibibi vya panya kule vinakimbia kama vimeiba chakula cha paka!"

Saluni nzima ikaangua kicheko. Wakataka kusikia zaidi. Miaka yote hiyo, akitaja kazi yake watu walikuwa wanaziba pua. Leo wamegeuza viti. Akanogewa. Akaeleza gurudumu, akaeleza manyoya yanavyong'aa, akasimama katikati akawaigiza na mbio zenyewe. Hakuna aliyeuliza mwisho wao, na mwisho wenyewe ulikuwa bado.

Muuzaji wa makopo ya unga huohuo alipofika saluni mwaka uliofuata, maneno yalikuwa yameshamtandikia mkeka. Dada alichukua kopo la kwanza, na kila aliyekaa kitini akaambiwa, "Hii imethibitishwa. Mdogo wangu kaona kwa macho yake."

Siku moja Mama Panya alikuwa anatafuta taulo kabatini. Nyuma ya chupa za shampuu akakuta dawa za presha za dada yake, karatasi nne, hakuna hata kidonge kilichotobolewa.

"Dada, hizi hunywi?"

"Muuzaji kasema nisichanganye. Unga wenyewe unasafisha mishipa."

"Muuzaji ni daktari?"

"Kwani wewe ni daktari? Si wewe uliyesema wanakimbia?"

Mdomo umeponza kichwa.

Kesho yake alimfuata mtafiti, binti wa miwani minene. "Mwanangu, wale wazee wetu wa unga, mwisho tulipata nini?"

"Mama, unaniuliza mimi? Kadi si umeandika wewe?"

Binti akafungua faili, wakazipanga mezani: wa unga kushoto, wa maji matupu kulia. Mama Panya akasoma mwandiko wake mwenyewe. Tarehe za kufa zililingana wiki kwa wiki. Aliwatoa mmoja mmoja, kila mmoja na siku yake. Hajawahi kuwaona wote pamoja hivi.

"Na watu je?"

"Sisi hatujawapa watu. Wenzetu walijaribu kwa watu thelathini, wiki kumi. Kitu fulani kwenye damu kilipanda, lakini mikunjo ilibaki, na nguvu za miguu zilibaki vilevile. Wenye presha hawakuchukuliwa kabisa."

"Kwa hiyo haufai?"

"Kwa hiyo hatujui, mama. Na kutojua siyo kuthibitisha."

Jioni hiyohiyo akaingia saluni bila hodi. "Jamani, nilisema wanakimbia. Sasa nasema na iliyobaki. Walikufa wiki zilezile na wenzao."

Dada akasimama na kitana mkononi. "Umekuja kuniaibisha mbele ya wateja wangu?"

"Nimekuja kujiaibisha mwenyewe, dada. Wewe nataka ukapime presha tu."

"Nipime nini? Iangalie hii ngozi!" Akainua mkono wa kushoto. Kitana kikaanguka. Akakiokota, kikaanguka tena. Mteja aliyekuwa kitini akanyanyuka taratibu, nusu ya kichwa haijasukwa.

Mama Panya akampeleka zahanati. Presha ikapimwa mara mbili, kipimo kikarudia jibu lilelile: mia mbili kwa mia na ishirini. Muuguzi alisema ni dalili za kiharusi, ila wamewahi. Wamewahi, ndiyo, ila vidole viwili vya mkono wa kushoto mpaka leo havishiki vizuri, na msusi ni vidole. Sasa dada anakunywa dawa zake. Kopo bado liko kwenye rafu, nusu, hataki liguswe. Mdogo wake siku hizi anaambulia salamu tu kutoka kwake. Hata hivyo kila Jumapili Mama Panya anakwenda, anasimama ubavuni kwake, anamkazia vile vifundo vya nywele vinavyomshinda dada. Kichwa kimoja, mikono mitatu, hakuna anayeongea. Wateja wao wanaongea. Ya gurudumu wanaikumbuka vizuri. Ya kadi, mpaka awakumbushe.

Sasa wewe. Ukimaliza kusoma, nenda kafungue kabati la mama yako, la dada yako, la yeyote mwenye presha, uangalie kama vile vidonge vinapungua. Kama havipungui, mpeleke akapime leo, siyo kesho. Na muuzaji akikuambia utafiti umethibitisha, mshike hapohapo, muulize: ulifanywa kwa nani, na waliishia wapi?