Kadi za Orihara

Ghorofa ya tatu ya duka letu hapa Akihabara, mtaa wa vifaa vya umeme jijini Tokyo, hupandwa na watu wa kufumba macho. Mtu huvaa hedifoni, husoma bei, halafu ndipo hufumba macho. Bei ikiwa ndogo, macho hubaki wazi. Mwenzetu Orihara aliwatazama watu hao kwa miaka kumi na minane na hakuwahi kuwaficha dharau yake.

"Umesikia nini, kaka?" alimwuliza mmoja wao.

"Besi imejaa. Ina upana fulani hivi..."

"Hiyo ni redio ya duka. Waya hujachomeka."

Kazi yake ilikuwa kuandika kadi. Kila kifaa rafuni kina kadi iliyoandikwa kwa mkono, na chini yake jina la mfanyakazi aliyekisikiliza. Sisi wengine tulinakili sifa kutoka kwenye boksi. Yeye alipima kila kitu kwa wimbo mmoja wa piano, tena mahali pamoja tu: pumzi anayovuta mpigaji kabla ya noti ya kwanza. Ikisikika, aliandika inasikika. Isiposikika, aliandika haisikiki, kiwe kifaa cha yeni elfu tatu au laki tatu.

Mwezi wa sita ikaletwa hedifoni ya yeni laki nne na elfu ishirini, imelazwa juu ya hariri kama mtoto wa mfalme. Meneja Kunimatsu, ambaye huwainamia wateja siku nzima bila kumtazama hata mmoja, akamtaka aiandikie kadi.

Orihara akaisikiliza mara tatu.

"Haina pumzi, Meneja. Ile ya elfu tisa na mia nane, rafu ya chini, inayo."

"Bi Orihara, watu hawaji hapa kununua pumzi."

"Basi wauzie hariri."

Asubuhi ya pili kadi ilikuwapo. *Sauti ya mbinguni. Nimetokwa na machozi. Orihara.* Kunimatsu alikuwa amejaribu kuiga mwandiko wake, na hata hilo likamshinda.

Mbele ya kadi alisimama Mzee Hasunuma, dereva mstaafu wa treni, ambaye kwa miaka kumi hakununua kitu kwetu bila kutafuta jina hilo kwanza. Hedifoni ilikuwa kichwani, bahasha ya benki mkononi.

"Sisikii chochote cha ajabu," alimwambia Orihara kwa aibu. "Lakini wewe umelia. Basi masikio yangu ndiyo yamekwisha."

Orihara akaivua kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayemvua mtoto kofia. Akamvalisha ile ya rafu ya chini na kuuanza wimbo wake.

"Kuna mtu anavuta pumzi," mzee akanong'ona.

"Masikio yako mazima, mzee wangu. Kadi hii sikuandika mimi."

Alisema kwa sauti ya kusikika ghorofa nzima, kisha akaichana vipande viwili. Kunimatsu akawainamia wateja wote, mmoja mmoja, akiomba radhi.

Jumatatu Orihara alishushwa ghorofa ya chini, kwenye nyaya, mahali ambapo Kunimatsu aliamini hakuna cha kusikiliza. Kuna nyaya za yeni mia sita, na kuna za elfu sitini zilizosokotwa kwa fedha. Kufika adhuhuri, kati ya aina hizo mbili palikuwa na kadi, na mwandiko safari hii ulikuwa wake:

*Nimezisikiliza zote mbili. Ni waya. Chukua wa mia sita. Orihara.*