Chenga za Kaseti ya Mama

Mshonaji na kaka yake walikuwa hawaonani, na mshonaji afya yake ilikuwa njema hivyo hivyo. Kilichompeleka kwa kaka mtu ni kaseti. Mashine ya kuichezesha ilibaki kwa yule bwana peke yake, kwenye kichumba chake nyuma ya duka la magodoro, anakohamishia sauti za zamani kwenye kompyuta na kujiona daktari.

Kaseti ilikutwa kwenye mkoba wa marehemu shangazi, imeandikwa: "Salamu za mama kwa bintiye." Shangazi alimwogopa kaka mtu, ndiyo maana aliificha mpaka akafa nayo. Mama alipokuwa anaumwa, mshonaji hakuitwa. Baada ya mazishi kaka akamwambia, mkavu kabisa: "Mama hakukutaja hata mara moja." Miaka yote hiyo neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kaka akaihamisha, akamtumia kwenye simu. Mshonaji akasimamisha cherehani, akasikiliza. Kikohozi cha mama, kikubwa, safi. Kisha mama akaanza kunong'ona, na badala ya maneno zikaja kokoto zinasagwa.

Akaenda mbio, mkasi unaning'inia shingoni.

"Umenifutia!"

"Dada, tulia. Sijafuta kitu."

"Usiniite dada kama mtu anayeniuzia godoro. Maneno ya mama yako wapi?"

"Ni biti. Nilitoka kurekodi lile tangazo la duka, la kipaza sauti. Kompyuta nikaiacha kwenye biti nane. Sikuangalia."

"Biti ndiyo mdudu gani?"

"Chukulia ngazi. Biti zikiwa nyingi, vidato ni vidogo vidogo, hata mnong'ono unapata pa kukanyaga. Zikiwa chache, kila kidato ni kama ukuta. Halafu nilishusha sauti yote, kikohozi kisipasuke. Mnong'ono ukabaki chini kabisa, ukasagika."

"Basi ongeza sauti."

"Kokoto nazo zitaongezeka. Kilichosagika hakirudi. Labda kaseti ichezwe upya."

"Icheze."

Kaka akajikuna shingo. "Utepe unabanduka, dada. Umeacha unga kwenye mashine. Unaweza kukatika."

"Na wewe ulisikia anasema nini?"

"Sikusikia. Nilivua visikilizio vya masikioni, nikawa nakunywa chai."

Chai! Mama mzazi anaongea, yeye anakunywa chai.

"Cheza," mshonaji akasema, akavuta stuli akakaa karibu naye kabisa.

Kaka akafuta mashine kwa pamba na spiriti. Mshonaji akamwamuru asome kwa sauti kilichoandikwa kwenye kioo. "Biti ishirini na nne," akasoma, kama mtoto aliyekamatwa. Akabonyeza.

Chenga zikajaa chumba, shhhh. Kaka akashika kipanya. "Kuna pa kuondolea hizi..."

"Zikiondoka zitaondoka na mama. Gusa uone mkasi huu."

Kikohozi kikapita. Utepe ukalia kwi, kwi. Mshonaji hakuvuta pumzi. Halafu nyuma ya chenga, mbali, lakini nzima kabisa, ikaja sauti ya mama:

"Binti yangu hajafika? Kaka yake ameniambia amemwita, yuko njiani. Msifunge mlango..."

Mkono wa kaka ukaruka kwenda kuzima. Mshonaji akaukamata kifundoni, akaukandamiza mezani kwa nguvu zote za mtu aliyeshona makoti maisha yake yote.

"...nitamsubiri."

Tak. Utepe ukakatika, gurudumu likabaki kuzunguka bure.

"Uliniita lini?" mshonaji akauliza.

Kaka akainama kuokota ncha ya utepe.

"Nakuuliza wewe."

"Nilikuwa na hasira na yule mwanaume uliyeolewa naye. Nilijua mama atapona."

"Niwekee kwenye flashi. Na chenga zake zote."

Kaka akaweka, akamkabidhi. Mlangoni mshonaji akageuka. "Hilo la biti nimekusamehe. Mtu husahau. Hili lingine utakufa nalo."

Ulipita muda, kaka mtu akaugua akalala kitandani, akatuma watu wamwite dada yake. Wapo waliomsema mshonaji kwa alichojibu. Hao hawakuisikia kaseti.

"Mwambieni niko njiani," akasema, akapitisha uzi kwenye sindano, akaendelea kushona.