Ufa Chini ya Giaboksi

Mizani hakupata jina hilo kwa kuuza nyama wala nafaka. Alikuwa fundi wa magari, na wenzake walimbandika jina hilo ujanani kwa sababu kiganja chake kilijua kupima. Akikaza bolti hakutazama wala hakuhesabu; mkono wenyewe ulimwambia basi, na hapo ndipo alipoachia. Kwa miaka thelathini na ushei alikula kwa kiganja hicho, akasomesha watoto wanne, akajenga vyumba vitatu, na cha nne kikamgomea kwenye lenta.

Mwaka huo kiganja kilinyamaza. Ilianza ganzi ya vidole vitatu vya mkono wa kulia, alfajiri tu, kisha ikazoea hata mchana. Spana zikawa zinamponyoka. Mkewe ndiye aliyemfunga vifungo vya shati, na ndiye aliyemsihi aende hospitali. Alijibu kwamba ni uchovu, utapita. Kusema kweli aliogopa kuambiwa. Alimwomba mkewe jambo moja, asimwambie kaka yake. Maana kaka huyo, shemeji mrefu mpole aliyekuwa bingwa wa kuchomelea, ndiye waliyeshirikiana naye gereji, na gereji ya watu wawili haina pa kuficha mgonjwa.

Basi akajitibu mwenyewe. Alitafuta kipande cha bomba chenye urefu wa mkono, akawa anakichomeka kwenye mpini wa spana. Bomba likampa nguvu ambayo vidole vilimnyima. Nguvu lilileta, lakini kipimo halikuleta.

Jumatatu moja asubuhi mkunga wa zahanati ya jirani aliingia na gari lake dogo. Alisema tangu juzi linaacha madoa ya oili kila linaposimama, na sasa linasita kupanda kilima. Siku kumi nyuma Mizani mwenyewe alikuwa amembadilishia oili ya giaboksi. Mkunga hakulalamika. Huenda alipanda jiwe kwenye ile barabara mbovu, alisema, akawaachia ufunguo na kwenda kazini kwa miguu, akiomba tu gari liwe tayari mapema, kwa kuwa ndilo analozungukia wazazi waliojifungua.

Mizani aliliinua kwa jeki, akaliwekea vigingi, akajivuta chini na tochi mdomoni. Aliuona mara moja. Kwenye tundu la bolti ya kumwagia oili kulitoka ufa mwembamba kama unywele, urefu wa kidole gumba, na kwenye ncha yake tone lilijikusanya, likadondoka, na lingine likaja. Hapakuwa na mkwaruzo wowote. Alilala pale chini muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka. Jiwe la kusingizia amelileta mwenye gari mwenyewe. Yeye ni kulipokea tu na kushukuru. Lakini alikuwa amechoka, na uongo nao ni kazi: leo unausema, kesho unaulinda.

Akamwita shemeji, naye akachuchumaa, akaingiza kichwa, akapitisha kidole. Kisha akalitazama bomba lililoegemezwa ukutani.

"Jiwe linakwaruza kwa nje," alisema. "Huu ufa umeanzia ndani ya tundu, shemeji."

"Najua. Nimeupasua mimi."

Akamweleza yote, bado amelala chali, maana ni rahisi kusema ukiwa huonekani uso. Shemeji hakugomba. Aliuliza ni tangu lini, na aliposikia kuwa ni miezi saba akatikisa kichwa, akasema kumbe dada yake ana kifua kiasi hicho, nyumbani kwao walidhani hawezi kutunza siri hata ya sukari.

Shemeji alitaka waupake gundi ya chuma, kama wafanyavyo wengi. Mizani akakataa. Giaboksi ikipata moto gundi huachia, na mama wa watu atakwama njiani huku mzazi anavuja damu. Kwa hiyo wakaishusha, na kuishusha tu kuliwachukua hadi jioni. Kesho yake walilifungua ganda lake, wakalipasha moto ili litoe jasho la oili, wakafuta, wakalipasha tena, mara tatu. Wakatoboa kitundu kidogo mwisho wa ufa ili usiendelee kutembea. Wakauchimba kwa grenda, kisha shemeji akashusha kinyago na kuchomelea polepole, kwa kuwa aluminiamu haibadiliki rangi ikikaribia kuyeyuka: sasa hivi ni chuma, sasa hivi ni uji.

Tundu lenyewe lilipanuliwa ili liingizwe bushi ya chuma, kipete kitakachoishika bolti, na bushi inataka nyuzi mpya zikatwe ndani ya tundu. Hiyo ndiyo kazi ya mkono. Unazungusha nusu, unasikiliza kwa vidole, unarudi nyuma. Mizani alishika chombo cha kukatia, akazungusha, akangoja habari. Hazikuja. Akazungusha kidogo tena, akasimama, jasho likimtiririka shingoni.

"Kata wewe," alisema. "Mimi sijui niko wapi."

Shemeji alikipokea, akakata hadi mwisho, akafunga bushi. Wakajaza mafuta ya taa ndani ya ganda, wakatandika gazeti chini waone kama linavuja. Baada ya saa mbili gazeti lilikuwa na alama ndogo kama kunguni. Walitazamana. Hakuna aliyekuwa na nguvu za kutukana. Wakamwaga, wakafuta, wakapasha moto upya, wakachomelea ule ukingo uliobaki. Safari hii gazeti lililala kavu mpaka asubuhi.

Mkunga alipokuja Alhamisi, gari lilikuwa chini, oili mpya ndani. Mizani alimwambia jiwe halikuwepo. Ni yeye aliyekaza kupita kiasi, kwa sababu mkono haumwambii kitu. Mkunga aliutazama mkono huo. Alikuwa amekosa siku tatu za kuwatembelea wagonjwa wake, na ilionekana usoni mwake.

"Lete huo mkono," alisema mwishowe.

Aliugonga kwenye kifundo cha mkono kwa kidole, mara mbili, na Mizani akaruka kama aliyeguswa na umeme. Mkunga akamwambia mshipa wa fahamu umebanwa hapo, na hilo ni la kupasuliwa, tena alichelewa, akamwandikia barua kwa daktari anayemfahamu hospitali kuu.

Alipasuliwa mwezi uliofuata. Ganzi ya kidole kimoja iliondoka, ya vidole viwili ilibaki, na daktari alisema haitatoka. Gari la mkunga halijavuja tena. Siku hizi shemeji ndiye anayekaza, na Mizani hukaa kwenye kigoda kando yake akimwelekeza. Watu humpongeza kwamba sasa amepumzika. Yeye hurudi nyumbani jioni akijikokota vilevile, na akiulizwa na mkewe husema kumtazama mtu akikaza bolti kunachosha kuliko kuikaza mwenyewe.