Maharagwe ya India, Mahindi ya Pakistani

Jumamosi ile Rongai ilinuka ngano mbichi, na vumbi lilielea juu ya barabara kana kwamba halina haraka ya kutua. Njeri, mwanangu, alikuwa amelala mgongoni mwangu. Mume wangu Kamau alikuwa dukani kwa Mohanlal, akiamua ubishi wa kila wiki kati ya mwenye duka na Karim, fundi cherehani: India na Pakistani wakipigana, nani atamshinda mwenzake?

Walipanga majeshi juu ya meza. Haragwe ni kifaru cha India, punje ya mahindi ni mzinga wa Pakistani, na kunde ni ndege za pande zote mbili. Kamau alikuwa amepigana Burma pamoja na wanajeshi wa India kabla nchi yao haijagawanyika, kwa hiyo neno lake ndilo lilikuwa la mwisho.

"Vifaru vyako vimetobolewa na wadudu," Karim alisema.

"Wewe shona suruali! Jeshi lako lote halijazi sufuria ya githeri ya Mama Njeri."

Nilicheka, maana githeri hupikwa kwa mahindi na maharagwe hayo hayo. Mpaka leo nakisikia kicheko hicho kama cha mtu mwingine, kwa mbali.

Karim alikuwa na tabia ya kuficha maharagwe ya mwenzake. Kamau akaniomba niandike hesabu ya majeshi, wasidanganyane Jumamosi inayofuata. Yeye kalamu ilimshinda. Mimi nilikuwa nimefika sekondari. Nikaandika vizuri, safu mbili, moja ya kila jeshi: vifaru, mizinga, ndege. Majina ya nchi sikuandika. Ya nini? Sote tulijua.

Wakoloni walikuwa wametangaza hali ya hatari dhidi ya wapiganaji wa msituni, lakini kwetu ilikuwa bado kama mvua ya mlima wa ng'ambo.

Jumanne, saa sita mchana, lori lilisimama mbele ya duka.

Askari walimpekua Kamau. Karatasi ile ya hesabu ilikuwa ndani ya kipande chake, kitambulisho alicholazimishwa kubeba.

"Nani ameandika?" Mzungu aliyewaongoza aliuliza.

Njeri alikuwa ananyonya. Kamau alinitazama mara moja tu.

"Mimi," alisema.

Nikanyamaza.

Mohanlal alitoka mbio. "Bwana, ni India na Pakistani! Ni mchezo wa maharagwe!"

"Kweli, bwana," Karim akasema. Sikuwa nimewahi kuwaona wakikubaliana.

"Maharagwe yana ndege?" Mzungu aliuliza. Askari wakacheka.

Lori likaondoka na Kamau. Vumbi nalo likakaa hewani, vilevile, bila haraka.

Alifia kizuizini. Kaburi sikuonyeshwa. Waliomuua ni wao, na sitawasamehe, asije mtu kunihubiria. Lakini mwandiko ulikuwa wangu.

Siku hizi nafua nguo za watu Milimani, Nakuru. Mohanlal na Karim bado wako Rongai; nasikia meza yao ni tupu. Njeri ameanza shule. Jioni namfundisha kuandika, na akiharakisha namshika mkono.

"Anza na kichwa cha habari, mwanangu. Andika ni habari ya nani."

Hulalamika kwamba anajua tayari.

"Andika," namwambia.