Mlima Uko Nyuma ya Kola

Wateja walimwita Mama Mkasi, na jina lilimkaa kama gauni lililopimwa. Miaka kumi na tisa alishona kwenye banda lake la mabati, mpaka hitilafu ya umeme ikalichoma. Cherehani aliiwahi. Sare za kwaya nzima, zilizokuwa zinangoja vifungo tu, hakuziwahi. Miezi minane sasa hakuwa amegusa hata sindano, na akimwona mwanakwaya barabarani, alikata kona.

Fundi mwenzake, aliyeitwa Bi Uzi kwa wembamba wake, alimwekea nafasi kibarazani kwake. Lakini mshona mabegi naye aliitaka.

"Shoga, nimekungoja hadi nimeota mizizi," Bi Uzi alimwambia. "Ijumaa saa kumi nipe jibu. Ukinyamaza, nampa wa mabegi."

Wiki hiyohiyo binti wa Mama Mkasi, ambaye ni muuguzi, aliitwa kwenye mafunzo ya siku mbili katika mji wa mlimani. Akamkatia mama yake tiketi ya treni bila kumuuliza.

"Mimi nikiwa darasani, wewe tembea. Chukua kamera yangu, piga kila kinachokusimamisha. Tukirudi tutatazama pamoja."

"Nikiiangusha?"

"Ina kamba, mama. Ivae shingoni kama futi yako ya kupimia."

Siku ya kwanza Mama Mkasi alibonyeza kwa woga, kana kwamba kamera ingemng'ata. Siku ya pili alibonyeza kama aliyepagawa. Sokoni, stendi, kwenye ngazi za kupandia kutazama mlima, kidole hakikupumzika. Hata kula alisahau.

Ijumaa mchana wakapanda treni ya kurudi. Binti akawasha kamera, akatazama picha ya kwanza, ya pili, ya kumi. Akakunja uso.

"Mama, mlima uko wapi?"

"Si huo hapo."

"Wapi?"

"Nyuma ya kola."

Kweli, pembeni palikuwa na mlima, mdogo kama kipande cha sabuni iliyokwisha. Kwingine kote ulikuwa mgongo wa mzee mmoja na kola yake. Na picha zote zilizofuata zilikuwa migongo, mabega, pindo na marinda ya watu wasiomjua. Binti alicheka mpaka abiria wakageuka.

"Utatupeleka polisi wewe! Wenzako wanapiga maporomoko ya maji, wewe unapiga makwapa!"

"Cheka, lakini tazama. Koti hili limevuta begani, fundi alikata kwa haraka. Gauni hili ni vipande saba, na kiungo hukioni! Na hii sketi iliungua pasi. Fundi akafanyaje? Akaweka mfuko juu ya tundu. Mfuko, mwanangu! Mwenyewe anatembea nayo kwa maringo."

Akairudia picha ya sketi mara ya pili, na ya tatu. Miezi yote ile alidhani moto umemla na yeye. Kumbe jicho lilikuwa zima, lilikuwa linashona siku mbili nzima bila kumwomba ruhusa.

"Saa ngapi?"

"Kumi kasoro dakika saba."

"Simu! Nipe simu!"

Mtandao ulikuja, ukakatika, ukaja. Abiria wa kiti cha mbele akamwachia nafasi dirishani, na hapo ukashika.

"Bi Uzi! Usimpe mtu!"

"Nani huyu? Nisimpe mtu nini?"

"Nafasi yangu!"

"Mwenzio amesimama hapa na mkokoteni wa vitu vyake!"

"Mwambie augeuze! Na kiongozi wa kwaya umwambie Jumatatu alete watu wake niwapime. Wote. Nitawashonea upya."

Bi Uzi alipiga ukelele ambao hata abiria waliusikia. Binti akageuka kumkumbatia mama yake, akakuta kiti kitupu. Vilikuwa vimebaki vituo viwili, na Mama Mkasi alikwishasimama mlangoni na begi lake, anawaambia watu, "Samahani, nashuka, nashuka."